Haki Moja Iliyomshinda Lugembe

Lugembe wa Ntalikwa hanywi pombe, na wala si kwa sababu ya dini, ingawa ni Mmoraviani wa kubatizwa. Ujanani aliionja wanzuki, pombe yetu ya asali, mara moja tu. Akalala chini ya mninga kofia ikiwa kichwani, akaamka nyuki wameshahamia kwenye kofia wanatengeneza asali. Asali aliila, kofia akaivaa, wanzuki akaipa kisogo mpaka leo. Wapo wanaosema nyuki wenyewe walikuwa wachache. Hao hawakuiona kofia.

Kazi yake ni kuendesha Kosta kati ya Tabora na Igunga. Katika barabara ile amebeba mpunga, majogoo, magodoro ya maharusi na wachungaji wa kila kanisa. Alfajiri moja alimpandisha abiria mwenye koti la manyoya, akakaa kiti cha nyuma kimya, akateremkia Nzega bila kuaga. Kulipokucha ndipo watu wakaona alama za kucha kwenye kiti wakajua kwamba walisafiri na fisi. Lugembe alichokasirikia ni kule kutoaga.

Leseni yake ameivalisha nailoni mbili, na usiku huilaza chini ya mto. Mkewe, Recheli, husema kwamba siku nyumba ikishika moto, mumewe ataokoa leseni kwanza, halafu redio, halafu ndipo atakumbuka kwamba ana mke. Lakini Recheli mwenyewe anajua. Leseni ile ndiyo shamba lao, ndiyo ng'ombe wao. Na mwenye Kosta alishasema mbele ya madereva wote kwamba dereva atakayepatwa na kesi ya ulevi asijisumbue kuja kueleza, aje na ufunguo tu.

Sasa, katika barabara hiyo, kabla ya kuingia Nzega, husimama trafiki mmoja aitwaye Issa, Mzaramo wa Kisarawe. Na mnajua mambo ya Wanyamwezi na Wazaramo. Wazee wetu walipokuwa wanashuka na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, walipita kwa Wazaramo. Wakagombana nao, wakala kwao, wakazikwa nao. Kutoka hapo ukaingia utani, na mtani wako akikutukana huna ruhusa ya kukasirika. Unachotakiwa ni kumtukana zaidi. Babu yake Lugembe alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Alibeba jino la ndovu bega hili, na bega lile akambeba mkewe aliyekuwa amechoka, na mkewe kambeba mbuzi. Walipofika Uzaramo, mbuzi akaliwa na babu yake Issa. Hivyo ndivyo Lugembe anavyosimulia, na Issa hakatai, anasema tu kwamba mbuzi alikuwa amekonda.

Basi kila Lugembe akipita, ni kelele.

"Wewe mpagazi! Nani kakuruhusu kupanda gari? Wenzako walikwenda kwa miguu!"

"Nimekuja kukupima urefu, mla nazi. Fundi wa majeneza ananisubiri Igunga!"

Hapo Issa hucheka mpaka kofia inamwanguka, anakagua matairi, anakagua bima, gari inaondoka. Siku Issa asipokuwepo, Lugembe husafiri kama mtu aliyesahau kunywa chai.

Mwaka huo kiangazi kilikuja na asali nyingi. Mavuno yako ghalani, mizinga imeshushwa, na kila nyumba ina binti wa kuolewa. Harusi zikawa nyingi, wanzuki ikawa nyingi, na magari nayo yakaanza kulala mitaroni. Polisi wakatangaza operesheni: kila dereva atasimamishwa na atapuliza kipima ulevi.

Madereva wa stendi wakaingia hofu, hata wasiokunywa. Ndipo akaja wakili mmoja kijana kuwafundisha haki zao, kwenye ukumbi wa parokia. Aliwaambia kwamba askari akikutaka upulize, upulize, kwa maana kukataa bila sababu nako ni kosa. Lakini una haki ya kuambiwa umekamatwa kwa nini. Una haki ya kuona kipimo kimesema nini, uone kwa macho yako. Huridhiki nacho, omba daktari akupime damu. Una haki ya kumjulisha mtu wako. Lugembe akayashika yote. Nyumbani akawa anayaimba kwa tuni za kanisani huku akinawa uso, mpaka jogoo wa Recheli akaacha kuwika akawa anamsikiliza.

Lakini kulikuwa na haki moja, wakili aliitaja mwishoni. "Na una haki ya kunyamaza."

Lugembe akacheka. "Hiyo wape wengine, bwana mkubwa. Mimi nikinyamaza naumwa tumbo."

Jumamosi moja asubuhi akapakia kwaya ya akina mama wa Ntalikwa, waende kuimba harusini Igunga. Kiongozi wao alikuwa Pelagia, shangazi yake Lugembe mwenyewe, mama mwenye sauti ambayo akiimba ya juu, maembe mabichi huiva. Waliondoka jua likiwa bado changa, wakaimba njia nzima. Karibu na Nzega wakamwona Issa kasimama pale pale pake.

Kando ya Issa alikuwepo askari mwingine, mwanamke, nguo zimenyooshwa zikanyooka, kofia haiendi huku wala kule. Huyo alikuwa Inspekta Advera, Mhaya wa Muleba, aliyehamia wiki ile kusimamia operesheni. Aliinua mkono, Lugembe akasimamisha gari. Ila macho yake yalikuwa kwa Issa, na Issa naye hakuweza kujizuia.

"Mpagazi! Umekunywa nini asubuhi yote hii, mbona gari inachechemea?"

Lugembe akatoa kichwa dirishani, moyo mweupe, akajibu kama anavyojibu siku zote. "Nimekunywa pipa zima la wanzuki, na pipa lenyewe nimelitafuna! Hapa naendesha nimefumba macho, mguu wa breki nimeuacha nyumbani!"

Kwaya yote ikaangua kicheko. Issa akajishika mbavu. Inspekta Advera peke yake hakucheka. Alisogea dirishani taratibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Zima gari, baba. Nipe ufunguo na leseni."

"Kuna nini tena?"

"Umesema umekunywa pipa."

Pelagia kule nyuma, ambaye utani kwake ni kama chumvi, akadakia. "Pipa moja? Mwanangu, huyo anakudanganya! Mapipa mawili!"

"Na sisi ndio tuliomkingia!" wakaitikia akina mama wa sauti ya pili.

"Mwekeni ndani," akasema Issa akifuta machozi ya kicheko. "Mwagieni maji ya mtungi aamke, mpagazi huyo. Amelewa tangu enzi za babu yake!"

Inspekta Advera akawatazama wote kwa zamu, kama mwalimu anayetafuta nani kaimeza chaki. Kisha akamgeukia Lugembe. "Baba, nakukamata kwa tuhuma ya kuendesha gari ukiwa umelewa. Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kupelekwa mahakamani."

Lugembe akaona leseni yake, na nailoni zake mbili, inaingia kwenye mfuko wa sare. Akili ikamwambia, nyamaza. Akafunga mdomo. Akaubana. Akawa mwekundu, akawa wa zambarau.

"Anyamaze huyo?" akasema Issa, ambaye bado alidhani ni mchezo. "Mnyamwezi hanyamazi mpaka umjaze matobolwa, vile viazi vyenu vikavu, mdomoni!"

Ikamtoka. "Bora mimi nimejazwa viazi, wewe umejazwa nazi mpaka kichwani, ukitikiswa unalia maji!"

"Na sasa unamtukana askari aliye kazini," akasema Inspekta.

Hapo ndipo kicheko kilipokufa. Issa akaona uso wa mkubwa wake, akaona na uso wa mtani wake, akaelewa. Akapiga saluti. "Afande, samahani. Huyu ni mtani wangu. Hanywi kabisa. Tunataniana hivi miaka yote."

"Sasa hivi umesema amelewa tangu enzi za babu yake."

"Nilikuwa namtania."

"Na huyu mama aliyesema mapipa mawili?"

"Nilikuwa natania, mwanangu," Pelagia akasema kwa sauti ndogo ambayo kwaya ilikuwa haijapata kuisikia.

"Kwetu Muleba," akasema Inspekta Advera, "mtu akikwambia amekunywa, amekunywa. Dereva amekiri. Mama huyu ameongeza. Askari wangu amethibitisha. Sasa mnataka nimwamini nani, ninyi wa mwanzo au ninyi wa sasa?"

Watu ishirini na ushei ndani ya gari, wote mashahidi, na hakuna hata mmoja ambaye neno lake lingeweza kusimama. Tangu Kosta iwe Kosta haijapata kuwa kimya namna ile. Hata majogoo wa zawadi chini ya viti walitulia.

Lugembe akashuka. Akavua kofia. Na zile haki alizokuwa akiziimba akinawa uso zikamjia. "Afande, naomba nipimwe. Mimi nitapuliza mpaka kifaa kivimbe."

"Ni haki yako, tena mimi mwenyewe nataka. Lakini kipima kiko na wenzetu barabara ya Igunga, kitarudi alasiri."

"Nitasubiri."

"Sikiliza, baba, nikueleze ukweli," akasema Inspekta, na sauti yake ikalainika kidogo. "Pombe hupungua mwilini kadiri saa zinavyokwenda. Ukipimwa alasiri ukaonekana safi, mtu atasema asubuhi ulikuwa umelewa, na maneno yako mwenyewe yapo. Kitakachokusaidia ni kipimo cha sasa hivi. Hospitali iko karibu. Daktari atachukua damu."

Lugembe akashika mlango wa gari.

Hapa inabidi muelewe. Mtu huyu aliwahi kusafiri na fisi. Chatu aliwahi kulala barabarani Lugembe akadhani ni tuta, akapunguza mwendo akampanda kwa adabu. Lakini sindano! Alipokuwa mdogo walikuja wauguzi wa chanjo ya surua kijijini, akapanda juu ya mninga akakaa huko, akawa analetewa uji kwa kamba, mpaka surua yenyewe ikachoka kumsubiri ikaenda zake Ulyankulu. Meno yake mawili aliyang'oa mwenyewe kwa koleo la gari ili asichomwe ganzi. Watoto wake wote walipelekwa kliniki na Recheli, yeye akiwa nje ya uzio, mgongo ameugeuza.

"Hakuna namna nyingine?" akauliza.

"Unaweza kukataa damu," akasema Inspekta. "Sitakulazimisha. Lakini leseni yako itabaki kwangu, na tutaonana mahakamani na maneno yako."

Pelagia akateremka, kitenge amekifunga kiunoni. Alimshika mpwa wake kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakukuwa na mzaha hata chembe usoni pake. "Lugembe. Recheli atakuuliza leseni iko wapi. Utamwambia uliogopa mdudu wa chuma mwembamba kama unywele?"

Lugembe akauachia mlango. "Naomba shangazi aje nami."

"Ni haki yako," akasema Inspekta.

Wakapanda gari ya polisi. Kwaya wakabaki na Kosta, na Issa akabaki na kwaya. Huko tutarudi.

Hospitalini aliwapokea muuguzi aitwaye Fikiri, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Akamketisha Lugembe, akaeleza atachukua damu kiasi gani na itapimwa nini. Akauliza, "Unakubali, mzee?"

Lugembe akafungua kinywa akubali. Fikiri akafungua pakiti ya sindano. Ile sauti tu ya karatasi kuchanika, chraa, Lugembe akaenda chini kama gunia la mpunga lililokatwa kamba.

Na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, alipoitumia ile haki ya kunyamaza, akaitumia yote.

Inspekta Advera akapiga magoti akampepea kwa kofia yake iliyonyooka. Pelagia akampepea kwa ncha ya kitenge. "Mchome sasa hivi kabla hajaamka," akamwambia Fikiri. "Hatajua."

"Haiwezekani, mama," akasema Fikiri. "Hajanijibu. Siwezi kuchukua damu ya mtu aliyelala, ya kupeleka polisi, hajakubali mwenyewe."

"Ni kweli," akasema Inspekta. "Tumsubiri."

"Lakini afande, liweke hili akilini," akasema Pelagia. "Mlevi gani anaogopa sindano? Walevi tunawajua, mlevi akichomwa na mkuki anauliza nani kabisha hodi."

Inspekta akainamisha uso. Pelagia anaapa kwamba alikuwa anaficha meno.

Lugembe akaamka. Akaona dari, akaona sindano bado inamsubiri, akaelewa kwamba hata kuzimia hakukumsaidia kitu. Angeweza kusema hapana. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemshika. Akamtazama Inspekta, akatazama ule mfuko wa sare, pembe ya nailoni ikichungulia.

"Nakubali," akasema. "Ila niimbe."

Akaanza kuimba, sauti ya tatu, ya chini. Pelagia akapokea ya kwanza. Wagonjwa wa kwenye benchi nje wakadhani ni ibada, wakaitikia. Fikiri akachoma katikati ya ubeti, na Lugembe akapanda ghafla kutoka sauti ya tatu mpaka sauti ambayo hakuna kwaya iliyoipa namba. Wanasema ng'ombe wa Igunga waliinua vichwa. Lakini mkono hakuuondoa.

Jua lilipofika utosini majibu yakatoka. Hakuna pombe, hata harufu yake.

Inspekta Advera akatoa leseni, akaipangusa kwenye mkono wa sare, akaitoa kwa mikono miwili. "Baba, huna kosa. Leseni yako hii hapa. Na ninasikitika kwa usumbufu. Lakini nikuambie jambo: aliyekukamata si mimi. Ni mdomo wako. Nilikupa nafasi ya kuufunga."

"Nilijaribu, mwanangu. Umeniona nilivyojaribu."

"Nilikuona. Nilidhani unakufa."

Pelagia alikuwa anamchunguza Inspekta kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Ninyi Wahaya mna watani hapa kwetu?"

"Sijui, mama. Sidhani."

"Mnao tangu leo. Watani wengi walianza kwa kumwagana damu. Wewe yetu umeimwaga, na shahidi ni muuguzi. Umekuwa wetu."

Inspekta Advera akaweka kofia kichwani, na safari hii ilikaa upande kidogo. Akamtazama Lugembe.

"Basi wewe Mnyamwezi," akasema, akijaribu kama mtu anayekanyaga maji asiyoyajua kina, "hiyo damu yako nilipoiona kwenye kichupa nilidhani ni maji yaliyochemshiwa matobolwa."

Pelagia akapiga vigelegele. Lugembe akacheka mpaka Fikiri akamwomba akae, asije akaanguka tena.

Waliporudi barabarani walikuta mambo. Akina mama wa kwaya walikuwa wamemhukumu Issa kwa sheria yao. Mtani aliyemponza mtani wake hana cha kujitetea, kilicho chake ni chao. Kofia yake ilikuwa kichwani mwa mama wa sauti ya pili. Filimbi yake ilikuwa inasimamisha pikipiki zisizohusika. Na yeye mwenyewe, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa anatembea kandokando ya lami kwenda na kurudi, ngoma kubwa ya kwaya kichwani, mabegi ya harusi mabegani, jasho linamtiririka.

"Mpagazi!" akaita Lugembe kutoka dirishani mwa gari ya polisi. "Bagamoyo ni upande ule!"

"Umepona?" Issa akauliza, na sauti ilimtetemeka kidogo chini ya ngoma.

"Nimepona."

"Basi niteremshie hii ngoma, nduli wewe, shingo imeingia kifuani!"

Igunga walifika bwana harusi ameshaoa na bibi harusi yuko kwenye sahani ya pili ya pilau. Wakaimbia sahani. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kisa walichokuja nacho kilikuwa kitamu kuliko pilau, na kila kiliposimuliwa sindano ilirefuka. Kilipofika meza ya wazee ilikuwa mkuki.

Wiki iliyofuata Lugembe akapita tena, abiria wamejaa. Issa pale pale. Inspekta Advera pembeni, safari hii kipima wanacho.

"Mpagazi!" akaanza Issa. "Leo umekunywa mapipa mangapi?"

Abiria wote wakamtazama dereva. Lugembe midomo kaibana. Uso ukaanza kuwa mwekundu. Akanyoosha kidole kwenye kipima, bila neno. Inspekta akaweka mrija mpya, akamsogezea. Lugembe akapuliza mpaka macho yakamtoka, kisha akainama akasoma namba mwenyewe, akaisoma mara ya pili. Sifuri.

"Umeiona, afande?"

"Nimeiona, baba."

"Na wewe umeiona?" akamwuliza abiria wa kiti cha mbele.

"Nimeiona."

Ndipo Lugembe akavuta pumzi, akatoa kichwa na mabega yote mawili nje ya dirisha.

"Haya, mla nazi, ulikuwa unasemaje?"